Mia na Kumi kwa Sabini

Wanawake walikuwa ishirini na wawili. Kadi zilikuwa ishirini na tatu.

Mkunga alizihesabu mara mbili, kisha akahesabu vichwa kwenye benchi kwa ncha ya kalamu, kama mwalimu anayemtafuta mtoro. Utaratibu wa kliniki ile ya wajawazito haukuwa na siri. Ukifika asubuhi unaweka kadi yako mezani, chini ya za waliokutangulia, unakwenda kukaa mwisho wa benchi, na kila anayeitwa akiinuka, waliobaki wanasogea nafasi moja kuelekea mlangoni. Benchi lilikuwa refu, la mbao, limelainishwa na makalio ya miaka mingi, na kila waliposogea lililia kwi, kwi, kwi, mpaka mwisho wa ukuta.

Kadi ya ziada ilikuwa ya chini kabisa. Jalada lilikuwa limelowa, na mahali pa jina wino umetawanyika ukawa doa tu. Akaifungua. Safu ya presha ilikuwa imejazwa vizuri, tarakimu zilezile kila mwezi: 110/70, 110/70, 110/70. Mwandiko ulikuwa wake yeye.

Akauliza ya nani. Sauti yake ilifika hadi kwa mlinzi wa geti, lakini pale benchini hakuna aliyejibu. Nesi mdogo, msaidizi wake, alitania kwamba labda mwenyewe kajifungulia njiani, na benchi zima likacheka. Mkunga akaifungia kadi ile kwenye droo na kuendelea na kazi.

Saa saba mchana, wajawazito wameshaondoka na nesi mdogo kaenda kula, mkunga alisikia kutoka chumba cha vipimo mlio anaoufahamu kuliko mkoromo wa mumewe. Fsss. Fsss. Fsss. Mtu alikuwa anabinya kipira cha mashine ya presha. Aliposukuma mlango, mashine ilikuwa juu ya meza, imefungwa ndani ya sanduku lake. Chumba kilinuka spiriti, na chini ya spiriti kulikuwa na harufu nyingine, kama ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa kabatini.

Wagonjwa walimwita Kipaza, na alilijua jina hilo. Mwenye kaswende alitajiwa kaswende yake mbele ya watu thelathini. Msichana wa shule aliulizwa kama hesabu ndizo zilizompa tumbo. Na aliyekuja na mimba ya kwanza akiwa na mvi mbili tatu aliulizwa, "Ulikuwa wapi wenzako walipokuwa wanazaa? Ulikuwa unasubiri punguzo?" Benchi lilicheka kila mara. Watu walio kwenye foleni humcheka yeyote, mradi si wao.

Lakini tusimsingizie uvivu. Mkunga huyu alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na kuna watoto wanaotembea leo mjini ambao aliwavuta duniani kwa mwanga wa simu. Tatizo lilianza na mkanda wa mashine ya presha. Sehemu yake ya kunatia ilikuwa imekufa, kwa hiyo ilibidi aushikilie kwa mkono mmoja huku anabinya kipira kwa mwingine, na mkanda ukimponyoka anaanza upya. Wanawake arobaini, mkanda mmoja mbovu. Aliandika barua tatu kuomba mwingine, hakujibiwa hata moja. Ndipo akaanza kupima kwa macho. Anayetembea vizuri, anayecheka, anayebishana, huyo ni mia na kumi kwa sabini, mwandike, apite. Wakaguzi walipokuja walisifu takwimu zake. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza inawezekanaje wanawake mia nne wakawa na damu moja.

Na sasa, chini ya gauni pana la kazi, yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Mimba tatu zilizotangulia ziliharibika. Daktari aliyemwona mwanzoni alimwambia wazi kwamba mimba hii ni ya hatari, kwamba presha yake ipimwe kila wiki, bila kukosa hata moja. Lakini kupimwa maana yake ni kuweka kadi mezani na kukaa kwenye benchi, na benchi lilikuwa na kumbukumbu. Alishajiona pale, ameshika mkoba juu ya tumbo, na mtu pembeni anamnong'oneza mwenzake: si huyu aliyekuwa anauliza wenzake walikuwa wapi? Aibu ile ilimwingia kabla haijatokea. Basi akafanya jambo ambalo ni mkunga tu anaweza kulifanya. Alichukua kadi mpya, akaandika jina lake, na kila wiki akaijaza mwenyewe jikoni kwake, chai ikiwa inachemka. Mia na kumi kwa sabini. Alijipima kwa macho, na hata kwenye kioo hakutazama.

Viatu vilipoanza kumkataa, alimwambia mumewe kwamba vimelowa mvua vikasinyaa. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kuamini lolote linalosemwa kwa uhakika. Alimnunulia vingine, vikubwa zaidi.

Jumanne iliyofuata kadi ile iliyolowa ilikuwa tena mezani, safari hii katikati ya nyingine, na droo ilikuwa bado imefungwa kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Mkunga aliinua macho kutazama benchi. Siku hiyo walijaa, wamebanana bega kwa bega, wawili wamesimama ukutani kwa kukosa pa kukaa, ila katikati waliacha pengo la mtu mmoja.

Akawauliza kwa nini wameacha nafasi na wenzao wamesimama.

"Si kuna mtu hapo, sista," alijibu mmoja. "Katoka kidogo."

Nani? Wakatazamana. Huyu aliambiwa na yule, na yule aliambiwa na mwingine, na wa mwisho alisema hajamwona ila ameona mbao zimelowa. Mkunga aliita aliyekuwa mlangoni. Akainuka, wakasogea, na pengo nalo likasogea. Alimwita mwingine, likasogea tena, likiwa bado la upana wa mtu mmoja, bila mwanamke yeyote kulifikiria wala kuligusa. Ndipo akaanza kusikiliza mlio wa benchi. Watu ishirini walisogea. Benchi lililia mara ishirini na moja.

Saa saba alikuwa ameinamia rejista, mgongo kwa mlango, aliposikia harufu ya nguo mbichi ikimjia kwa nyuma, na baada ya harufu sauti, ndogo, ya kuomba radhi, sauti ya mtu anayeona haya kwamba ana mwili na mwili huo unasumbua watu.

"Dada nesi, nipime basi. Kichwa kinaniuma tangu jana."

Hakugeuka, kwa sababu maneno yale aliyajua moja baada ya jingine, na alijua pia kwamba akigeuka akakuta hakuna mtu itakuwa vibaya, na akikuta mtu itakuwa vibaya zaidi, kwa hiyo alibaki ameinama, kalamu imegusa karatasi na wino unatanuka taratibu kuwa doa, mpaka nesi mdogo aliporudi anaimba na kumuuliza mbona analia.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Mwanamke wa mwisho kwenye benchi, saa saba, mashine imeshafungwa. Alisema kichwa. Alisema pia kwamba anaona vimulimuli mchana. Kipaza akamjibu kwa sauti ya kusikika getini: "Kichwa kila mtu anacho. Hata mimi ninacho, nimekibeba tangu asubuhi. Mimba si ugonjwa, mama." Waliokuwa wanasubiri dawa walicheka. Mwanamke naye akacheka, kicheko kile cha kumsaidia anayekutukana asijione vibaya. Mkunga akamtazama miguu, akaona imevimba, akaona pia saa ya ukutani. Akaandika mia na kumi kwa sabini.

Siku ya tatu kifafa cha mimba kilimwangusha nyumbani kwake, juu ya beseni la nguo alizokuwa anafua, akafa na mtoto tumboni. Kikao kilipoitwa, kadi iliwekwa mezani, na presha ilikuwa nzuri mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa. Mkuu wa kituo alisema ni mapenzi ya Mungu, faili likafungwa. Mkunga alikuwa kwenye kikao hicho. Ndiye aliyekuwa anaandika kumbukumbu.

Tangu Jumanne ile ya pengo kitu kile kikamfuata mkunga nyumbani. Alfajiri moja mumewe aliamka, akakaa kitandani anasikiliza. Fsss. Fsss. Akaenda jikoni, akavuta jokofu, akatia sikio nyuma yake. Akarudi ananong'ona.

"Jokofu halivuji gesi."

"Lala, baba."

"Sasa nini kinavuja?"

Wakati huohuo mkono wa kushoto wa mkunga ulianza kubanwa juu ya kiwiko, taratibu, kwa upana wa vidole vinne, ukabanwa na kubanwa mpaka vidole vyake vikafa ganzi na tumboni mtoto akajikunja kama anayejificha, kisha ukaachiwa kwa pumzi ndefu ya hewa inayotoka. Kulipopambazuka palikuwa na alama nyekundu imezunguka mkono, na ndani ya alama umechapika mfumo wa kitambaa, uzi kwa uzi.

Shangazi yake ndiye aliyesema neno jini, na kwa kuwa shangazi akisema kitu huwa ameshakodi gari, mchana huo walikuwa kwa mganga. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, chumba chake kiko nyuma ya duka la vipuri, na wateja wake walishika vibao vya namba. Mkunga alikaa na kibao chake dakika hamsini, uso ameufunika kwa mtandio asitambuliwe.

Mganga alimtazama mkono, akamtazama miguu, akavua miwani.

"Majini ni wengi," alisema. "Yuko wa kupanda kichwani, yuko wa mahaba. Huyu wako hajakupanda. Huyu amekaa foleni."

Akaeleza, bila haraka, kwamba jini haingii palipojaa. Huingia penye pengo, akavaa sura ya aliyeliacha, akaendelea na shida ya mwenyewe pale ilipokatikia. Kumfukizia ubani mtu aliye kwenye foleni ni kumpotezea muda tu.

"Anataka nini?" aliuliza shangazi.

"Wewe ulipokuwa nje na kibao chako ulitaka nini?" Mganga akamgeukia mkunga. "Ulimfanyia nini huyu mtu?"

"Sikumfanyia kitu."

"Nimeona." Akarudisha miwani. "Sasa ni wa ngapi kwenye foleni?"

Mkunga akasema Jumanne ya kwanza alikuwa wa mwisho, Jumanne iliyopita wa katikati. Mganga akahesabu kwa vidole. Akasema Jumanne ijayo atafika mlangoni, na asipoitwa ataingia mwenyewe, na anayeingia bila kuitwa huwa hatoki mikono mitupu. Aliposema hivyo alitazama tumbo. Kisha akaongeza, kwa ukali wa mtu aliyechoka, kwamba miguu ile si ya jini, aende hospitali.

Hakwenda. Angesema nini? Kadi yake ilikuwa nzuri.

Jumanne aliamka na ngoma kichwani. Njiani vimulimuli vilielea mbele ya macho yake, kwenye jua kali la saa mbili, na alijiambia ni uchovu, kwa maneno yaleyale aliyowahi kuwaambia wengine. Kadi iliyolowa ilikuwa juu ya zote. Pale benchini wanawake walikuwa wamejivuta upande mmoja, kimya, na nafasi iliyo karibu na mlango ilikuwa wazi, mbao zake nyeusi kwa unyevu.

Alishika kadi. Sauti iliyomtoka haikufika hata ukutani.

"Anayefuata."

Hakuna aliyeinuka, lakini benchi lililia kwi, na mlango ukasukumika kiasi cha bega, na mto wa kiti kilicho mbele ya meza yake ukabonyea taratibu kama unavyobonyea anapokaa mtu mzito aliyechoka, na harufu ya nguo mbichi ikajaa chumba, na yeye, kwa sababu mikono yake ilikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi na haikujua kufanya jingine, akafungua sanduku, akatoa mkanda, akauzungusha hewani, na mkanda ukajaa, ukashika mkono mnene, laini, wa baridi, akaushikilia kwa vidole vyake kwa kuwa haukunata, akatia vipokezi masikioni na kubinya kipira, fsss, fsss, na zebaki ikapanda ikapita mia na kumi ikapita mia na hamsini ikaendelea, na masikioni ukaja moyo, mzito, unagonga kama mtu aliyefungiwa, na nyuma yake moyo mwingine, mdogo, wa mbio, kama saa ya mkononi iliyofungwa kwenye nguo.

"Ni ngapi, dada nesi?"

"Mia na tisini," alisema, "kwa mia na ishirini."

"Dada." Nesi mdogo alikuwa amesimama mlangoni na trei mkononi. "Mbona unajipima mwenyewe?"

Mkunga akatazama chini. Mkanda ulikuwa kwenye mkono wake wa kushoto.

Aliomba apimwe tena. Nesi mdogo alipima, akapima mara ya pili, ilikuwa ileile. Akamfungua vifungo vya gauni, akaliona tumbo. Alikimbia kutafuta gari. Mkunga alitolewa kupitia mbele ya benchi zima akiwa ameshikwa kwapa, na alichotamani wakati ule ni mtandio wa kufunika uso. Mtoto alikuwa kimya tumboni, na yeye alitamani mtandio. Hilo nalo alikuja kulionea aibu baadaye.

Hospitali kubwa walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu koridoni, kati ya mistari miwili ya watu waliokaa. Nesi wa mapokezi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Uso wa mkunga ulikuwa umevimba kiasi kwamba binti hakumtambua. Bila kutazama jina jaladani, alifungua kadi iliyotoka mkobani mwa mgonjwa, ambamo nesi mdogo alikuwa ameongeza kipimo cha mwisho, na kuisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa.

"Miaka arobaini na moja, mimba ya nne, hakuna mtoto. Mama, ulikuwa wapi wenzako walipokuwa wanazaa?"

Koridoni wakacheka, si wote.

"Na hii mia na tisini imetoka wapi? Juzi tu ulikuwa mia na kumi kwa sabini. Nani alikuwa anakupima?"

Wapo watakaosema alipata alichostahili. Nakataa. Mwanamke aliye karibu na kifafa si hoja ya mtu kushinda nayo mjadala, na tusi halibadiliki kuwa haki kwa sababu limemrudia aliyelizoea. Alichohitaji ni sindano, na sindano ilikuwa inasubiri jibu.

Mumewe alikuwa ameshafika. Alisimama miguuni pa kitanda ameshika vile viatu vikubwa.

"Mimi," alisema mkunga. "Niliandika mwenyewe. Sikujipima."

Yule binti aliisikia sauti. Akainua macho kutoka kwenye kadi, na rangi ikamtoka usoni.

"Na si yangu tu," mkunga akaendelea, kwa kuwa alijua akinyamaza hapo hatasema tena. "Kuna mwingine nilimwandikia hivyohivyo. Alikuja na kichwa. Alikufa."

Koridoni watu wote wakamgeukia, na mumewe akawa anatazama viatu.

Walimpasua mchana huohuo. Mtoto wa kike alitoka na kilo moja na robo, wakamweka kwenye sanduku la joto pamoja na njiti wenzake, na siku ya pili akalia. Mumewe alikuja kila siku, akaosha vikombe, akakunja nguo. Wiki ilipita kabla hajamuuliza.

"Yule mama alikuwa na mume?"

"Alikuwa naye."

Akaendelea kuosha kikombe kilichokuwa kimeshatakata.

Alipopata nguvu aliandika yote kwenye karatasi na kumpelekea mkuu wa kituo, ambaye alisoma nusu na kuirudisha upande wake wa meza, akimshauri asichokoze yaliyolala kwani kituo kina sifa yake. Basi akaenda kwa mume wa marehemu mwenyewe. Mwanamume yule alimsikiliza mlangoni, pekupeku, mpaka mwisho, kisha akafunga mlango polepole, bila kuubamiza, na ule upole ndio uliomfuata njia nzima.

Alirudi kazini binti yake akiwa na miezi sita. Alishona mwenyewe kinatio kipya kwenye mkanda, akapima kila mkono, wa kwanza hadi wa mwisho, na foleni ikawa inaisha saa tisa badala ya saa saba. Walinung'unika. Hawakumwita tena Kipaza. Jumanne nne kadi zilikuwa sawa na wanawake, na kadi iliyolowa haikuonekana tena, wala harufu, wala mlio wa kipira.

Jumanne ya tano alimpima wa mwisho, akamsindikiza mlangoni, akarudi kufunga sanduku. Mezani palikuwa na kadi moja.

Ilikuwa kavu, ya rangi nyingine, kuukuu zaidi. Mahali pa jina wino ulikuwa umefifia. Akaifungua: mia na kumi kwa sabini, mia na kumi kwa sabini, mpaka chini, kwa mwandiko wake. Hakumkumbuka. Alijaribu sura, sauti, gauni, ugonjwa, hakumkumbuka kabisa.

Nje, kwenye benchi tupu, mtu akasogea. Kwi. Kisha wa pili akasogea kujaza nafasi yake, kisha wa tatu, na mlio ukaenda hivyo ukitembea kando ya ukuta, kwi, kwi, kwi, ukafika mahali benchi linapoishia, na haukukoma hapo.

Mkunga alikaa. Akafungua tena sanduku na kutoa mkanda.

"Anayefuata," alisema.